Maswali Niliyoyapeleka Saluni

Wifi yangu ana saluni ya kusuka nywele Lizaboni, hapa Songea: chumba kimoja, vioo viwili, na benchi refu la wateja wanaosubiri zamu. Mimi nafundisha somo la lishe ya kaya katika kituo cha chuo kikuu ambacho masomo yake karibu yote ni ya mtandaoni. Kazi zetu hazikuwahi kukutana mpaka mwaka ule nilipoanza kuhangaika na mitihani.

Wanafunzi wangu ni watu wazima. Ni wauguzi wa zahanati, walimu wa shule za msingi, maofisa ugani, na mama mmoja mmoja aliyekwisha kuwa na wajukuu ndipo akaitamani shahada. Wako hapa mjini, wako Mbinga, Namtumbo, Tunduru na Madaba. Wengi wananizidi umri. Nikiwapigia simu mimi ndiye ninayeamkia, na wao huitikia, "Marahaba mwanangu," kisha wanashtuka, "Samahani, mwalimu." Nimeshazoea, na kusema kweli napenda.

Jambo lenyewe lilianza nilipokuwa nasahihisha mtihani wa mwisho wa muhula. Kila mtu alikuwa ameufanya kwake, kwa simu au kompyuta. Niliuliza kwa nini watoto wadogo hupata utapiamlo, na nini kifanyike. Majibu yalikuja kwa Kiingereza kilichonyooka kama kilichopigwa pasi. Yalianza kwa namna moja, yakafuata mpangilio mmoja, yakamalizika kwa ushauri uleule kwa serikali na wadau. Hakuna aliyetaja mahindi. Mkoa wetu huu unavuna mahindi mpaka magunia yanakosa pa kulala, na bado watoto wetu wamedumaa. Kwa sababu hiyo hasa somo langu lipo. Lakini ukisoma majibu yale ungedhani wanafunzi wangu wote wanaishi katika nchi moja isiyo na jina, ambako watu hawali ugali na maharage, wanakula wanga na protini.

Nilijua walikopata. Kila mtu sasa ana akili mnemba kwenye simu yake. Ilinisononesha, kwa sababu nilijua pia kwamba wanafunzi hao, ukikaa nao kwenye benchi nje ya kituo, wana mengi ya kusema kuliko yaliyokuwa kwenye karatasi zao.

Niliyapeleka majibu kwa mkuu wa kituo, mwanaume mpole anayependa kusikiliza mpaka mwisho. Aliyapitia, akavua miwani.

"Makao makuu nao wameliona," alisema. "Wanataka kamera. Mwanafunzi awashe simu, imtazame tangu anaanza mpaka anamaliza. Akigeuza shingo, mashine inaandika."

"Na wale wa vijijini huko Madaba wanaopanda kilimani kutafuta mtandao? Kamera itawaonaje na mtandao wenyewe unakuja na kwenda?"

"Hapo ndipo na mimi nilipokwama."

"Na mama anayefanyia mtihani sebuleni, mjukuu yuko mgongoni? Mtoto akilia, mama atageuza shingo."

Alicheka kidogo. "Sasa mwalimu, usiniletee hotuba, maana hotuba nitashindwa kuituma makao makuu. Niletee mtihani. Muhula ujao, somo lako tu. Ukifaulu, tutakuwa na la kusema."

Ndivyo nilivyojipa kazi. Nilikaa siku kadhaa natunga maswali, na kila nikimaliza moja naliona zuri. Jumamosi moja nilikwenda Lizaboni kusuka. Nimekaa chini, kichwa kiko mapajani mwa wifi, karatasi ziko mkononi, akaniuliza ninasoma nini. Nikamweleza.

"Hebu nisomee hilo moja," alisema.

Wifi aliishia kidato cha nne na hana hamu na shule. Lakini ni mtu asiyekubali kushindwa, hata kwenye karata. Alimwambia msaidizi wake ashike upande wa pili wa kichwa changu, akachukua simu, akaibonyeza na kuisomea swali langu kwa Kiswahili, neno kwa neno. Kisha akaiomba ijibu kwa Kiingereza cha chuo kikuu. Kabla msuko mmoja haujafika mwisho, jibu lilikuwa tayari. Akanipa simu nisome.

"Ungenipa ngapi?"

Nikasoma mpaka mwisho. Ningempa alama za juu sana.

"Wifi," alisema, huku wateja wa kwenye benchi wakicheka, "mimi sijui hata hiyo kaya ya kitaalamu ni nini, na nimefaulu."

Kuanzia hapo ikawa desturi yetu. Kila nilipotunga swali nililidhani gumu, nililipeleka saluni. Ikiwa wifi atalipita, nalichana. Nilijaribu maswali ya kuchagua jibu, akayapita akiwa anakula mihogo. Nilijaribu swali refu lenye takwimu za kubuni na jedwali, akalipiga picha. Nilijaribu swali linalotaka maoni ya mwanafunzi mwenyewe, na simu ikampa maoni mazuri kuliko yangu. Wateja wakaanza kuuliza, "Mwalimu leo kaleta nini?"

Ndipo nikaja na swali nililoamini limekamilika. Mwanafunzi achague kaya moja iliyo karibu naye, aitembelee mara kwa mara, aone kinachopikwa na nani anakula kwanza, kisha aeleze kwa nini watoto wa nyumba ile wako walivyo. Nilijiambia, hapa mashine haina pa kushika, mashine haijui nyumba ya mtu wa Namtumbo.

Wifi aliomba apewe siku mbili. Aliponipa karatasi, nilisoma habari za familia moja ya pembezoni mwa mji: baba analima mahindi na kupasua mbao, mama ana watoto wanne, mdogo ana nywele nyepesi zenye rangi ya udongo. Kulikuwa na dagaa wa Nyasa mara moja kwa wiki. Kulikuwa na matembele nyuma ya nyumba. Nilimhurumia yule mtoto. Nikauliza, "Hii familia iko wapi, tukaitembelee?"

Wifi akaanza kucheka hata akaacha kitana kikaanguka. "Iko kwenye simu."

Nilijibwaga kwenye kiti cha plastiki. Msaidizi akaniletea chai, nadhani alidhani nimefiwa.

"Umeniuliza habari za watu ambao hutawaona," wifi alisema, sasa kwa upole. "Nikikutungia, utajuaje?"

Nilikasirika kidogo, nikaamua na mimi nimsumbue. Nikaanza kumhoji. Huyo mama kuni anapata wapi? Akasema anaokota. Sasa baba anapasua mbao na nyumbani hakuna masalio ya mbao? Akasita. Matembele yapo, kwa nini basi mtoto hapewi? Akasema hayapendi. Nani alikuambia? Mama yake. Alikuambia mkiwa wapi, anafanya nini? Wifi alijaribu kuendelea, akajichanganya, akasema mtoto wa tatu ni wa kike wakati karatasi ilisema wa kiume, na saluni nzima ikaangua kicheko. Aliinua mikono juu.

"Basi wifi, basi. Kwa maneno ya mdomo siwezi."

Nilitembea kurudi nyumbani Msamala nikiwa nimechangamka. Swali halikuwa baya. Lilikuwa limekosa mazungumzo baada yake.

Nilipompelekea mkuu wa kituo mpango wangu, ulikuwa mwepesi kueleza. Mwanafunzi ataleta kwanza rasimu, yenye alama chache, ili mtu akikosea asione dunia imekwisha. Kisha nitampigia simu tuzungumze juu ya kaya yake kwa muda mfupi. Kisha ataandika upya na kuleta kazi ya mwisho. Alikubali yote, mpaka alipofika kwenye sentensi moja.

"Mazungumzo kwa Kiswahili?"

"Ndiyo."

"Mwalimu, chuo kikuu ni Kiingereza. Kanuni zinasema hivyo."

"Kazi ya maandishi ibaki Kiingereza. Mazungumzo yawe kwa lugha anayoiweza. Mzee, mimi nimewauliza baadhi yao, siyo kwa kuwakamata, kwa kuongea tu. Nimewauliza kwa nini wanachukua majibu ya simu. Hakuna aliyesema hajui somo. Wanasema wanaogopa Kiingereza chao. Mtu ana miaka ishirini zahanati anapima watoto, anajua kila kitu, akianza kuandika anajiona mjinga. Anatafuta pa kujificha."

Alitazama dirishani, kuelekea milima ya Matogoro. Yeye mwenyewe ni mtoto wa mkulima wa kahawa wa Umatengo, kule Mbinga, na aliwahi kunisimulia jinsi alivyochapwa shuleni kwa kuongea lugha ya kwao. Sikumkumbusha.

"Tuandike hivi," alisema mwishowe. "Mazungumzo yafanyike 'kwa lugha inayomwezesha mwanafunzi kueleza kazi yake.' Hakuna atakayeligombania neno hilo."

Rasimu zilipoanza kuingia, msimu wa mvua ulikuwa umeshika. Nilizisoma nikiwa na wasiwasi. Nyingine zilikuwa za kweli bila shaka, Kiingereza chake kimevunjika vipande lakini ndani yake mna jiko, moshi, na mtoto anayelamba sufuria. Nyingine nilizitilia shaka. Na moja ilinikera kabisa. Ilikuwa ya muuguzi wa zahanati moja huko Madaba, mama wa makamo. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kupita cha kwangu, hakuna koma iliyopotea. Nilisema moyoni, huyu nimempata. Nikaandaa maswali yangu kama wakili.

Nilimpigia asubuhi moja. Mvua ilisikika juu ya bati upande wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Eh, mwalimu, samahani. Habari za Songea?"

"Nzuri. Mama, nimesoma kazi yako. Hebu niambie, umesema nyumba ile haina chakula cha mafuta kwa watoto. Umejuaje?"

"Sikusema haina," alinisahihisha, bila hasira. "Nimesema watoto hawapati. Karanga zipo. Ziko kwenye kibuyu kimetundikwa juu ya jiko. Lakini zile ni za mbegu, na ni za mama mkwe. Yule binti aliyeolewa pale hawezi kuzigusa. Nilimwuliza kwa nini asiombe, akanitazama hivi, kama nimemwambia akaibe. Basi nikaenda kwa bibi mwenyewe."

"Ukamwambia nini?"

"Sikumwambia kitu siku ile. Nilikaa naye tukapukuchua mahindi. Bibi wale hawafundishwi siku moja. Siku nyingine nikambeba mjukuu wake nikampima mbele yake, nikamwonyesha mkono ulivyo. Akasema, 'Kumbe amekonda hivi?' Mwalimu, anamwona kila siku, lakini hakuwahi kumshika mkono kwa kumpima."

Aliendelea. Alinieleza nani anapakuliwa kwanza, sahani ya baba inafunikwa na nini, mayai yanawekwa yaatamiwe au yapelekwe gulioni. Alisema mtoto anapewa togwa asubuhi kwa sababu mama amewahi shamba, na mpaka jioni hakuna kingine. Nilikuwa nimeacha kuandika. Maswali yangu ya kiwakili yalibaki kwenye karatasi, nikawa nasikiliza tu.

Mwishoni nikamwuliza kwa adabu, "Na Kiingereza, mama? Kiko safi sana."

"Hicho siyo changu, mwalimu. Niliandika kwa Kiswahili kwenye daftari, kurasa nyingi. Mwanangu akanionyesha jinsi ya kuuomba ule mtambo wa kwenye simu unigeuzie. Nikasoma mstari kwa mstari, pale ulipoongeza mambo nikayafuta. Uliweka maziwa ya ng'ombe. Pale hakuna ng'ombe. Nimekosea?"

Kanuni zetu hazikuwa na neno juu ya mtu wa namna yake. Kwa upande mmoja Kiingereza hakikuwa chake. Kwa upande mwingine kila kitu kilichokuwa na thamani katika kazi ile alikiona kwa macho yake, akakaa nacho akipukuchua mahindi.

"Nipe siku chache," nilimwambia. "Usibadilishe kitu kwanza."

Tulijadiliana na mkuu wa kituo mchana mzima. Yeye aliogopa kwamba tukifungua mlango huo, wote watapita humo. Mimi niliogopa kwamba tukiufunga, tutamfundisha yule mama kuficha, wakati yeye kanijibu wazi nilipomwuliza mara moja tu. Tukafika mahali. Kila mwanafunzi ataandika mwanzoni mwa kazi yake, kwa maneno yake, amesaidiwa na nani au na nini. Aliyetafsiriwa ataambatanisha maandishi yake ya kwanza ya Kiswahili. Hatakatwa alama kwa kusema. Atakatwa kwa kutosema.

Niliwatumia wote ujumbe huo. Siku zile zile nikapiga simu ambayo haikwenda vizuri. Ilikuwa kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi hapa hapa mjini, kijana kidogo kuliko wengine. Rasimu yake ilihusu familia ya wahamiaji waliotoka Tunduru, wakulima wa korosho waliokuja kuanza maisha upya. Niliuliza maji wanachota wapi. Akasema bombani. Nikauliza bomba la nani. Akasema, "Mwalimu, mtandao unakatika," na simu ikakatika kweli.

Sikumpigia tena. Kesho yake, nilipofika ofisini, alikuwa amekaa kwenye benchi nje, amevaa sweta kwa baridi ya mvua, begi la shule liko mapajani. Aliinuka.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Ingia."

Hakukaa. "Ile familia haipo."

"Nilifikiri hivyo."

"Utaniandikia barua ya nidhamu?"

Nilimwambia akae. Nilimweleza kwamba ile ilikuwa rasimu, na kwamba rasimu ipo ili mtu apate nafasi ya kurudi nyuma kabla hajaingia mtoni. Atapoteza alama za rasimu, hilo lilikuwa wazi. Kazi ya mwisho bado ilikuwa mikononi mwake. Nikamwuliza kwa nini hakutembelea kaya ya kweli, na yeye anaishi katikati ya watu.

"Niliona aibu kugonga kwa watu," alisema. "Niende nimwambie jirani, nataka kuangalia unakula nini? Na mimi ananiona kila siku nikipita na njaa yangu? Ndiyo nikatunga."

Jibu hilo lilinigusa, kwa sababu sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimetunga swali linalomtaka mtu aingie jikoni mwa mwenzake, na sikumfundisha jinsi ya kuomba hodi. Nilimwambia kama kugonga ni kuzito, si lazima aende mbali. Achague nyumba yoyote ambayo mlango wake uko wazi kwake.

Alirudisha kazi yake wiki ya mwisho. Alikuwa ameandika kuhusu nyumba yake mwenyewe. Kiingereza kilikuwa kibovu kiasi kwamba sentensi nyingine nilizisoma mara tatu. Alieleza kwamba yeye na mkewe hununua parachichi na kuwauzia wengine, na watoto wao wawili hutoka nyumbani kwenda shule na chai ya rangi na kipande cha andazi. Alieleza kwamba kwa muda wote aliofundisha darasani habari za mlo kamili, hakuwahi kuwauliza wanawe kama wanashiba. Juu ya kazi, mahali pa kusema msaada, aliandika: nimesaidiwa na mke wangu, alikataa mambo mawili niliyoyaandika akasema siyo kweli, nikayatoa. Nilimpa alama nzuri.

Simu nilizopiga muhula ule zilinichosha. Koo lilikauka, na mume wangu alizoea kunikuta barazani naongea na watu juu ya dagaa. Nilipomwambia wifi jinsi ilivyokwenda, aliuliza tu kama ataendelea kuletewa maswali, maana wateja wameyazoea.

Makao makuu walikubali tuendelee muhula mwingine, somo langu peke yake. Masomo mengine yaliwekewa kamera, na mkuu wa kituo anashinda kwenye simu akiwatuliza watu waliofukuzwa kwenye mtihani kwa sababu taa ilizimika. Darasa langu jipya limekuwa kubwa zaidi, na sijui nitawezaje kuzungumza na kila mmoja. Nimewaomba wenzangu wawili tugawane, mmoja kasema ndiyo.

Juzi mwalimu wa uhasibu alikuja na karatasi yake. "Wewe unauliza habari za jikoni," alisema. "Mimi nina mizania na hesabu za faida. Hapo mwanafunzi atazungumza nini?"

Nilimwambia sijui, na kwamba hata la kwangu sikulijua mwanzoni. Tulikaa benchi la nje, tukauweka mtihani wake katikati yetu, tukaanza na swali la kwanza.